Macho ya Mjomba na Ndege wa Kunduchi

Katika siku zangu zote za ujana, mwanangu, ipo Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza ambayo mpaka leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa Madale kwa mjomba wangu Stefano, kaka yake mama. Madale ya wakati huo haikuwa na mageti na vigae mnavyoviona nyie. Ilikuwa vilima, vichaka na nyumba mojamoja. Mjomba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, mzee wa kanisa. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na mtoto hawakujaliwa. Nyumbani tulikuwa wawili tu.

Mjomba alipenda ndege. Sisemi kuwala, ingawa kwetu kusini wapo wanaowapenda hivyo. Yeye alipenda kuwatazama. Akishamaliza sala ya asubuhi alitoka na kigoda chake, akakaa nyuma ya nyumba akimsikiliza dudumizi na kuwatazama chozi wakinyonya maua. Majirani walimcheka. Nami moyoni nilimwona mtu mzima anayepoteza muda. Nilipomuuliza alinijibu kwamba Bwana wetu mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege wa angani, na kwamba hiyo ndiyo amri nyepesi kuliko zote, lakini waumini hatuitimizi. Nilidhani ananitania.

Basi Jumamosi hiyo alikaa kitako pale uani, patasi mkononi, asichonge. Jana yake alikuwa hospitali.

"Anjela," akasema, "daktari kanambia hii ni presha ya macho, na imeshakula sana. Mwaka huu hautaisha nikiwa naona."

Akaendelea kwa sauti ile ile ya taratibu.

"Nina ombi moja. Kule Kunduchi, kwenye mashamba ya chumvi, kuna ndege wanaotoka Ulaya wakikimbia baridi. Wanakaa kwetu, ikifika Pasaka wanaanza kurudi. Nataka niwaone mara moja tena. Peke yangu siwezi, nitaanguka kwenye matuta. Nipeleke."

"Jumamosi ijayo, Mjomba," nikamwambia. Na nilimaanisha.

Lakini Jumamosi ijayo kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na mie ndiye niliyekuwa katibu. Iliyofuata, semina ya vijana. Iliyofuata tena tulikwenda Ukonga kumtembelea mgonjwa wa jumuiya yetu. Fikiria, mwanangu: nilivuka jiji zima kwenda kumfariji mgonjwa, na nyumbani nimeacha mwingine. Ikaingia Kwaresima, ratiba ikazidi kubana. Kila mara Mjomba alisema, "Sawa, mwanangu. Kazi ya Mungu." Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu, ndiyo maana sikulisikia.

Asubuhi moja nilitoka chumbani na sare ya kwaya nikamkuta ameketi mlangoni, kavaa viatu vyake vya kanisani, kofia kaiweka magotini. Siku ile ndiyo nilikuwa nimemwahidi. Akaitazama sare yangu. Akainama akaanza kulegeza kamba za viatu, akizipapasa kwa vidole, kwa kuwa tayari zilikuwa zinampotea machoni. Nami nikapita.

Tulikwenda baada ya Pasaka, ambayo mwaka ule iliangukia mwishoni mwa mwezi wa nne. Gari la kokoto lilitupa lifti mpaka Tegeta, tukamalizia kwa miguu, nikimshika mkono. Tulipofika tukakuta mabwawa yametulia, meupe, na yangeyange wawili wamesimama mbali. Mama mmoja wa pale pale pwani alikuwa akikusanya chumvi. Nilimwamkia, nikamuuliza kuhusu wale ndege.

"Marahaba, mwanangu. Hao wageni? Wameshaondoka. Juzi juzi tu hapa palikuwa hapakanyagiki."

Mjomba aligeuza uso huku na huku, amekunja macho. "Hakuna hata sululu mmoja?" akauliza.

"Hakuna, Mjomba."

Nikalia. Akanikalisha juu ya tuta, akaniacha nilie mpaka nikanyamaza. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote:

"Sikukasirikii kwa kuimba. Imba, mwanangu, sauti umepewa. Lakini uliona shida kusema hutaki kunileta, ukamtanguliza Mungu. Mungu si pazia la kujifichia."

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Miezi ile hapakuwa na dawa wala sala iliyozuia kitu. Ilipofika mwezi wa tisa Mjomba alikuwa haoni hata mwanga wa mlango. Patasi alizigawa kwa wachongaji wenzake, moja moja, akiwaombea.

Mwezi wa kumi nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba Jumamosi asubuhi sitakuwepo. Alikunja uso, lakini kwaya haikufa. Nikampeleka Mjomba Kunduchi bila kuombwa. Safari hii matuta yalikuwa yamejaa.

"Niambie unaona nini," akasema.

"Ndege, Mjomba."

"Ndege gani?"

"Wadogo wadogo. Wa kijivu."

"Anjela, mie macho yamezimwa na ugonjwa. Ya kwako yamezimwa na nini?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipotazama kwa mara ya kwanza. Nikamwambia kuna mmoja mkubwa, rangi ya mchanga, mdomo mrefu umepinda kwa chini kama mundu, anauzamisha kwenye tope mpaka karibu na macho. Mjomba akacheka. "Huyo ndiye sululu!" Nikamwambia kuna wengine wadogo sana wanaokimbia pamoja na kusimama pamoja, na wakiruka wanageuka wote kwa mara moja, matumbo yanamulika meupe, halafu wanapotea kama si wao. "Kitwitwi," akasema, na machozi yakimtiririka. Akavua kofia. "Baba, ahsante kwa kuwafikisha." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yote. Nimehudhuria mikesha mingi, sijasikia sala iliyonifikia kama ile.

Tulikwenda hivyo misimu mitatu, mimi nikisema, yeye akiwaona. Msimu wa nne ulimkuta kaburini. Nilikwenda peke yangu, na yule mama wa chumvi akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia kweli. Akaacha kazi yake, akaja kukaa kando yangu, akasikiliza.

Sasa nisikilize nami. Usimtumie Mungu kumkwepa mtu ambaye Yeye mwenyewe amekupa. Ukiahidi, nenda, wako wanaosubiri wamevaa viatu. Na katika wiki yako tenga saa moja uwatazame ndege, simu ikiwa mfukoni. Usiwatege, usiwafungie, usiwapigie mawe. Wewe watazame tu. Hawalimi wala hawana ghala, na aliyewaumba huwalisha, lakini hilo huwezi kulijua kwa kulisoma peke yake. Ukikaa kimya ukamwona ndege wa gramu chache amevuka jangwa na bahari akatua kwenye tope la Kunduchi, hofu yako ya kesho itapungua, na utamshukuru Mungu hata kabla hujajua umshukuru kwa lipi.

Mola akupe macho mepesi kuona na miguu myepesi kwenda unakohitajika. Akulishe, akufikishe, na usikose mtu wa kukushika mkono siku zako zitakapokuelemea. Amina, mwanangu.