Mwalimu Asiyemwamini Mwenye Ng'ombe

Chaki inalia ubaoni. Katika chumba cha kukodi mtaani Matisi, Kitale, kabla maduka hayajafunguliwa, Jotham Wepukhulu anamaliza kuandika swali, anarudi nyuma, kisha analikodolea macho kana kwamba limemwibia kuku.

"Mtu ana ng'ombe. Je, idadi yao ni shufwa?" anasoma. "Habari ya kwanza: akiongeza mmoja, wanawe wawili watagawana sawasawa, asibaki hata mmoja. Habari ya pili: idadi yao ukiizidisha kwa mbili, unapata shufwa. Sitaki mniambie ni wangapi. Nataka kujua ni habari gani inatosha kulijibu swali."

Wanaomsikiliza ni makarani, wauguzi na walimu wanaojiandaa kwa mtihani wa kuwania ufadhili wa masomo ya juu. Wepukhulu, 45, ni mwalimu wa shule ya msingi na huwafundisha kabla ya kwenda kazini. Wengine humlipa kwa mkebe wa gorogoro uliojaa mahindi, nao huuchimbua kwa vidole mpaka chini, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mzaliwa huyu wa Kabuchai, Bungoma, haamini kitu upesi. Mwandishi alipoomba kumhoji, alidai kitambulisho, akakigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Ati gazeti linanitakia nini mimi?"

Tabia hiyo inakera, lakini darasani ndiyo silaha yake. "Kama hujaambiwa namba ni kamili, usidhani ni kamili," anawaonya. "Kama hujaambiwa si sifuri, ogopa sifuri. Mtu wa kukisia ataanguka hapa, bana."

Silaha hiyo iliwahi kumkata mwenyewe. Miaka ishirini iliyopita alifanya mtihani huohuo, akakutana na swali hilihili la mfugaji wa ng'ombe. Akajibu kwamba habari zote mbili, hata zikiunganishwa, hazitoshi. Alikosa, na nafasi ikampita kwa alama chache mno.

"Kwetu nani hutaja hesabu ya ng'ombe wake?" anauliza. "Babu alisema ukiwahesabu unawaitia kifo. Mgeni akiuliza, unamdanganya, na yeye anajua umemdanganya. Sasa mimi nimwamini mfugaji wa kwenye karatasi?"

Ufadhili huo haumpokei aliyevuka miaka 45. Jumamosi hii, jijini Nairobi, Wepukhulu atakaa kwenye dawati la mtihani kwa mara ya mwisho. Ukweli ni kwamba anaogopa, na wanafunzi wake wanajua.

Jelimo, muuguzi kutoka Mlima Elgon, anainua mkono. "Ya kwanza inatosha, Mwalimu. Ukiongeza moja ukapata shufwa, basi ulikuwa na witiri. Jibu ni hapana, lakini ni jibu. Ya pili ni bure. Namba kamili yoyote ukiizidisha kwa mbili ni shufwa, kwa hivyo haijatuambia kitu."

"Na kama huyo mzee ameficha ndama kwa shemeji yake?"

Darasa linaangua kicheko. Wepukhulu hacheki.

"Si mtihani wenyewe umesema habari zake ni za kweli?" Jelimo anamjibu kwa upole. "Wewe shuku kile hawajasema, Mwalimu. Kile wamesema, meza tu."

"Kumeza ndiyo shida," anasema mwalimu, akifuta ubao kwa nguvu kupita kiasi.

Akifaulu, atasomea usimamizi wa elimu, kisha arudi Kabuchai kufungua shule ya watu wazima. Mkewe, Wilkista, amemsihi aamini mara moja tu maishani, mpaka karatasi zikusanywe, halafu arudi alivyokuwa.

Anasimama mlangoni, koti begani, akimpima mwandishi kwa jicho la pembeni.

"Jumamosi nitamwamini yule mfugaji," anasema hatimaye. "Hata nikijua ananidanganya, nitamwamini."