Volani Waliyoniachia

Watu wanaoniuliza kwa nini siendi tena kwenye vikao vya ukoo wa mume wangu, leo ninawajibu mara moja na wasiniulize tena. Ni kwa sababu ya volani, usukani wa gari.

Mume wangu alikuwa mwenye boti. Boti yake ilibeba unga, sabuni na mabati kati ya Kigoma, Kazimia na Baraka, na safari moja badala ya mabati ikaleta gari. Si kamionete ya kubeba mihogo, kama wanavyoleta watu wenye akili timamu. Gari la mbio, kuukuu, jekundu, milango miwili, tumbo linakaribia kugusa udongo, volani upande wa kuume kama magari mengi yanayotoka ng'ambo ya ziwa. Bandarini walicheka hadi wengine wakakaa chini. "Baba, hii utatembeza wapi? Ndani ya maji?" Naye akacheka pamoja nao, kisha akaenda kulivalisha matairi mapana zaidi.

Volani ya gari lile ilikuwa ya nguvu za mikono tu. Ukikimbia, inakuwa nyepesi. Ukienda polepole, ni kama kusukuma mtumbwi uliokwama kwenye mchanga. Na nani anakimbia Baraka? Huku tunakwenda polepole kila siku ya Mungu: unakwepa shimo, unakwepa mbuzi, unakwepa mama na beseni lake. Mume wangu alirudi nyumbani shati limelowa kama mtu aliyetoka kulima. Alinifundisha kuendesha kwenye njia ya Lweba, na kwa kunyoosha nilifanya vizuri. Lakini kona zilinishinda. Basi yeye, akiwa kiti cha kando, alinyoosha mkono wake akashika volani juu ya mikono yangu, tukakata kona wawili. Nilipenda kona kuliko njia iliyonyooka, sifichi.

Kisha akaugua, na mvua za mwaka ule hazikuisha kabla hatujamzika.

Kilio kilipomalizika, wanaume wa ukoo wakakaa lubunga, kile kikao chao ambacho mwanamke anaitwa ndani kuambiwa tu yaliyokwisha kuamuliwa. Boti ikaenda kwa kaka yake mkubwa, shemeji yangu. Nyumba wakaniachia kwa sababu ya watoto. Likabaki gari. Shemeji alilitaka, nani asingelitaka? Akaingia mbele ya wote, akawasha, akajaribu kuligeuza uani ili atoke. Volani ikamkatalia. Akavuta, akang'ang'ana, akaenda kubomoa ua wa matete, akatoka ameshika bega.

"Hii haiko motokari, iko mateso," akasema. "Mumuachie mama. Hataweza hata kuitosha inje."

Wakacheka wote. Ndivyo nilivyopewa gari la mume wangu, kwa kicheko. Mimi nikainamisha kichwa nikasema asante baba zangu, maana ndivyo tunavyofundishwa kusema.

Lakini mtu hali kicheko. Nilianza biashara ya samaki. Alfajiri nilikwenda Lweba kununua ndagala na mikebuka kwa wavuvi, nikarudi kuuza soko la Baraka. Kwa pikipiki unabeba beseni moja, na jua likikuwahi njiani umeuza harufu. Na kule uani gari limelala, kuku wanataga ndani yake! Siku moja nikafukuza kuku, nikapiga ufagio, nikatoka nalo kinyumenyume. Kwenda nilifika. Kugeuza ndiyo ikawa aibu. Kila siku pale Lweba nilishuka kuwaomba vijana: "Wababa, mje munikatie kona." Walikuja, tena kwa furaha, na kila mmoja akaondoka na samaki wake. Nilikuwa ninawalipa wanaume kwa kuwa na mikono.

Kulikuwa na fundi mmoja karibu na bandari, mwenye maneno mengi. Nikamwambia, nipe volani ambayo ninaweza kuikata peke yangu, ama nitaliuza gari hili kama chuma. Akasema, "Mama, hiyo kitu rahisi. Tutaweka direction assistée." Akanieleza: inafungwa pompe, mota inaizungusha kwa mkanda, pompe inasukuma mafuta ndani ya volani, na mafuta yanafanya kazi ya mikono. Kule nyuma ya garaji yake palikuwa na gari la mradi fulani lililokufa zamani, lenye vyote hivyo. Nikalitazama.

"Lakini baba, hii volani yake iko kushoto. Yangu iko kuume."

"Tunageuza tu, mama. Chuma ni chuma."

Akakigeuza juu chini kile chuma chenye meno kinachosukuma matairi, wanachokiita kremayera, akakifunga, akanikabidhi ufunguo kwa kicheko. Nikatoka. Jamani, volani nyepesi kama maji! Nikakata kulia nishike njia ya soko. Gari likaenda kushoto. Nikashtuka, nikakata kulia zaidi, nalo likazidi kushoto, moja kwa moja juu ya turubai la mama mmoja aliyeanika mihogo. Yule mama alinifuata na mwiko. "We mama! Unatafuta kuua batu?" Nikaomba radhi, nikamlipa mihogo yake, kisha nikarudi kwa fundi kwa miguu. Nilimtukana hadi watu wa bandari wakaacha kupakua. Nikamwita mpumbavu, mwongo, mgeuza mambo. Yeye akakuna kichwa. "Kumbe ikigeuka, na yote inageuka," akasema. Kumbe! Fundi mzima!

Hata hivyo ni yeye aliyemaliza kazi. Tuliagiza kremayera ya volani ya kuume kutoka ng'ambo, ikashukia Kazimia ndani ya gunia la unga. Mchomeleaji akaunda kishikio cha pompe. Ile kremayera ya zamani, ya gari lenyewe, fundi aliiuza kwa wahunzi, na nadhani leo inalima mihogo huko Fizi. Safari hii nilijaribu kwanza uani, mlango wa ua umefungwa. Nikakata kulia, likaenda kulia. Nikazunguka mti wa mpapai kwa mkono mmoja, nikauzunguka tena na tena, ninacheka huku machozi yananitoka, ninamwita mume wangu kwa jina lake kwa sauti. Majirani walisema ujane umenipanda kichwani. Waseme.

Kuanzia hapo nilifika sokoni kabla ya pikipiki. Gari la mbio lilinuka ndagala hadi kwenye viti, na sijawahi kupenda harufu nyingine zaidi ya ile. Nilikata kona zangu mwenyewe. Bamama wa soko wakaniita shoferi. Neno hilo lilifika masikioni mwa shemeji.

Niliitwa lubunga. Shemeji alikuwa amekaa kati, na bega lake lilikuwa limepona.

"Tulikuachia ile motokari juu ilikuwa nguvu," akasema. "Sasa imekuwa laini. Motokari ya ndugu yetu haiwezi kubeba samaki. Ni haya kwa ukoo. Utaleta ufunguo siku ya Mungu, kiisha misa."

"Ni mimi niliilainisha," nikasema. "Na samaki wangu."

Mzee mmoja akanijibu bila hata kunitazama: "Na weye uko wa nani? Samaki yako ni ya ukoo vilevile."

Nilitafuta jicho moja tu mle ndani la kunitetea. Wote walikuwa wanaangalia miguu yao. Watu niliowapikia miaka yote ile! Nilikwenda nyumbani nikavunja sahani kwa hasira. Kisha nikaenda kwa fundi. Nirudishie kremayera ya kwanza, nikamwambia. Akanikumbusha kwamba imekwisha kuwa majembe.

"Basi toa pompe. Toa mkanda, toa mipira ya mafuta. Hivyo ni vyangu, nilinunua mimi."

"Mama, hii kremayera bila pompe itakuwa nguvu kupita ya kwanza."

"Ndiyo, baba. Fungua."

Siku ya Mungu vijana wakalisukuma hadi kwa shemeji. Nikampa ufunguo kwa mikono miwili, nikapiga na goti, kama inavyotakiwa. Alikuwa amevaa shati jeupe la misa, na ukoo wote umesimama uani. Akawasha. Akakamata volani. Nilimwona anavuta, nikaona shingo inavimba, nikaona shati linalowa. Gari likasogea kidogo, likaelekea ukuta, likazimika.

"Shemeji! Umeifanya nini?" akanifokea.

"Nimeirudisha kama muliniachia," nikasema. Safari hii hakucheka mtu.

Baadaye alimtuma mke wake kuniomba pompe. Nikamwambia, dada, yeye mwenyewe aje aombe, lubunga, mbele ya wazee wale wale. Hajaja mpaka leo. Pompe iko chini ya kitanda changu.

Nimerudi kwenye pikipiki na beseni moja. Juzi, tukitoka Lweba, tuliwakuta wanaume wa ukoo na lile gari jekundu kwenye kona ya kuingia Baraka. Wanaume wawili walikuwa wamebanana ndani, wote wawili wameshika volani, wengine wanasukuma nyuma. Mikono minne juu ya volani moja. Shoferi wa pikipiki akapunguza mwendo. "Mama, tubasaidie?"

"Twende," nikamwambia. "Samaki itaoza."

Akaongeza mwendo. Nililia mgongoni kwake hadi sokoni, na sikulilia gari. Nilikumbuka ule mkono juu ya mikono yangu.