Kisogo Changu na Rangi ya Viatu

Siku zile za miaka ya sabini, pale Kondele, hatukuhesabu msichana amesukwa kama uzi haujamvuta mpaka macho. Nayakumbuka magoti ya Mama Akinyi, msusi wangu, yakinibana mabega.

"Nyathina, mwanangu, tulegeze hapa kisogoni, nywele zipumzike."

"Vuta, Mama!"

Akavuta, wiki baada ya wiki, mpaka kisogo kikabaki uwanja mtupu.

Jumapili moja, mjinga mimi, nikakipaka rangi nyeusi ya viatu, nikavaa kanzu nyeupe ya kwaya. Jua la Kisumu nililisahau. Mama Akinyi, aliyeimba nyuma yangu, akadhani natoka jasho, akanipangusa kwa kitambaa chake, kikatoka cheusi. Wimbo ukaisha, kanisa likanyamaza, isipokuwa yeye:

"Nilikuambia upumzishe kichwa! Nani alikuambia ukipige rangi ya viatu?"