Shati la Melkiori

Wezi walipobeba ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa uani kwa Spesioza, kule Minago, watoto wake walimwambia anunue mbwa. Akakubali. Siku hizo alikubali kila kitu, maana kukataa kunataka nguvu.

Leonidasi wa Rumonge mjini alifuga mbwa wakubwa wa ulinzi, wale wenye vichwa kama vya ndama. Alimwambia kwa simu, "Mama, kuja na nguo ya mwenye nyumba, ile haijafuliwa. Mutoto wa mbwa atailalia, ajue bwana wake ni nani."

Spesioza akafungua sanduku, akatoa shati la mumewe Melkiori, lile ambalo hakulifua tangu ziwa limchukue miezi minne iliyopita. Wala hakujiuliza. Tangu warudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mtu akisema mwenye nyumba alimaanisha Melkiori, basi.

Alirudi kutoka Rumonge kwa pikipiki, mtoto wa mbwa mapajani, amezungushiwa shati. Wiki nzima mbwa alililalia na kutafuna kola. Watoto walimpenda mno. Spesioza alimlisha ugali na vichwa vya samaki, akaona ni kazi kama kazi nyingine.

Jumapili alilivuta shati chini ya mbwa, akalipeleka puani. Lilinuka mbwa. Akanusa kwapani, akanusa mgongoni, akanusa hata mfuko wa kifuani. Mbwa mtupu.

Akamrudishia mbwa shati lake, akaenda kugeuza ndagala kabla jua halijawa kali.