Pickup gani inafaa kuvuta trela la gari? Yaliyonikuta barabara ya Bwegera wakati wa rebellion

Wakuu, salamu kwa wote mliomo humu.

Juzi kuna mdau aliuliza pickup gani anunue kwa kuvuta trela la kubebea gari. Nimesoma majibu yote. Huyu torque, yule 4WD, mwingine anaitukana petroli tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Minye nina jibu, ila mpaka leo sijui kama ni jibu. Ngoja niwasimulie yaliyonikuta, bila chumvi. Asiyeamini nyuzi ziko nyingi, ahamie nyingine. Na mnivumilie na Kiswahili changu cha Uvira.

Ilikuwa wakati wa rebellion. Sitaji mwaka, maana kwetu rebellion ukitaja mwaka mtu anakuuliza asubuhi au jioni.

Nilikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Rugenge, hapo hapo Uvira. Nilikuwa na trela nililounda kwa mikono yangu, ekseli ya lori lililokufa na vyuma vya daraja nisivyotaka kueleza vilitoka wapi. Trela zima kabisa. Kilichokosekana ni gari la kulivuta.

Sasa sikilizeni shida yenyewe.

Dada yangu mkubwa, yaya Noela, alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani. Kwa hizo ndagala alinunua Corolla, mume wake shemeji Amani akawa anaendesha taxi Uvira–Sange. Karatasi ziliandikwa jina la mume. Nyinyi wenye dada mshaelewa.

Vita vilipokaribia, Amani aliikimbiza gari kwao Bwegera. Akafanya walichokuwa wanafanya watu wote wenye akili: akaiweka juu ya matofali, akatoa magurudumu yote manne, akayaficha. Askari hachukui gari lisilo na miguu.

Na hakumwambia mtu kayaficha wapi. Alisema muntu asiyejua hata akipigwa hana cha kusema.

Halafu homa ikamchukua. Siku tatu tu. Akafa na siri yake.

Msiba mmoja ukazaa mwingine. Katika ukoo wa shemeji, siku ya kumaliza matanga wanaume wanakaa, na kitu chochote cha marehemu kilichomo ndani ya lupango lao, yaani uwanja wa nyumba, siku hiyo kinakuwa cha ukoo. Wadogo wawili wa Amani walikuwa wameshaanza kuipangia Corolla safari. Walikuwa wamechimba huko na huko kutafuta magurudumu, hadi nyuma ya choo.

Yaya ana watoto watatu. Ile gari ndiyo ilikuwa karo, unga na dawa.

Akaja karakana, hakukaa hata kwenye stuli. "Weye iko na remorke. Nenda uniletee gari yangu mbele ya matanga."

Remorke ndiyo hiyo trela. Matairi mapya hayakuwepo, mpaka ulikuwa umefungwa, tairi wakati ule ukiliona unaliamkia. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuibebe. Bado wiki moja matanga yaishe.

Hapo ndipo nikaingia kwenye kuchagua pickup, na hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma.

Mjini pickup zilizokuwa zinatembea nilizijua tatu.

Moja Land Cruiser ya mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mazutu, yaani dizeli, 4WD, chuma kitupu. Dereva wake mzee Kalume, mtu mpole, anavuta pumzi kwanza ndipo anajibu.

Ya pili Hilux ya petroli, nyepesi, inakimbia sana.

Ya tatu bâchée ya Peugeot ya mtu mmoja tuliyemwita Tonton. Turubai limetoboka, mlango umefungwa kwa kamba, na kuiwasha lazima uipaki kwenye mteremko. Inabeba mihogo Sange kila siku.

Nikamuuliza Fataki, fundi wa injini, jirani yangu. Akasema usiangalie mbio, angalia uzito. Pickup yenyewe iwe nzito kuliko inachokivuta, la sivyo kwenye mteremko trela ndilo litaamua mnakwenda wapi. Kwa hiyo Hilux ikatoka.

Nikamuuliza mchungaji wetu, ambaye zamani aliendesha lori. Akasema acha pickup, chagua dereva na breki.

Nikamuuliza mke wangu. Akasema chukua ya Tonton, ile hata mwizi hawezi kuitamani.

Mkaona? Watatu, na wote wanasema kweli. Nililala na kweli tatu, nikaamka sina hata moja.

Mwisho nikachukua Land Cruiser. Kuna daraja lilikuwa limebomoka, magari yanapita chini mtoni, na bâchée niliiona mara mbili imekaa mle kama kiboko. Nikasema nguvu kwanza. Nilikuwa kijana, najua kila kitu.

Lakini si mjinga. Tuliichafua. Tulipaka tope na mavi ya ng'ombe kuanzia boneti hadi nyuma, tukatoa taa moja, tukang'oa mlango mmoja. Wengi walifanya hivyo. Ukiiona unaionea huruma.

Tukaondoka asubuhi: mzee Kalume, yaya na minye. Njia nyeupe, hakuna barrière, kizuizi cha askari, hata moja. Mtoni ilipita inacheka. Nikajiona profesa.

Bwegera mashemeji walitupokea wamekunja mikono. Yule mkubwa akasema mbele ya majirani: "Noela, gari haina miguu hii. Lakini sawa. Ikifika Uvira leo, ni yako. Ikilala njiani, tutaifuata."

Majirani walisikia. Kwao neno la mbele ya majirani halirudi. Basi nikajua tunashindana na jua.

Kuibeba ilituchukua masaa. Mbao, kriki, ile jeki yenu, mabega ya watu. Wakuu, gari bila magurudumu halipandi trela, linanyanyuliwa kama jeneza. Na ndivyo yaya alivyolitazama, maana tangu shemeji azikwe alikuwa hajalia mbele ya watu, akalia siku ile.

Tunataka kuondoka, anakuja mama mukwe wake, Mama Yosefina, mama mzazi wa Amani. Mdogo, mwembamba, ana magunia mawili.

"Ninakwenda kuona wajukuu," akasema. "Huu ni mchele wao."

Nikashika gunia moja. Mchele gani huu. Lilikuwa zito vibaya, na umbo lake silielewi, ukilishika huku linakusukuma kule. Minye nilikuwa nimepiga hesabu zangu za uzito kwa mkaa ukutani, na hesabu hazikuwa na mama mukwe.

Lakini barabara ya kwetu ina sheria yake. Hakuna gari inayopita tupu mbele ya watu. Kabla sijafungua mdomo, walishapanda wengine kumi na kitu, na wawili walikuwa wameketi ndani ya Corolla juu ya trela, wamefunga milango, wanasubiri safari kama abiria wa taxi.

Magunia nikayatupia kwenye buti ya Corolla. Hapo nilikosea. Wadau mnaovuta trela, uzito ukae mbele kidogo ya ekseli, usiende nyuma. Hatujafika mbali, trela likaanza kuyumba, kushoto, kulia, mzee Kalume anapigana na usukani, watu wanaomba Mungu kwa lugha tatu.

Tukasimama. Nikasema, "Mama, gunia moja litabaki. Utalifuata kesho."

Alilikalia. Hakupandisha hata sauti. "Basi uniache na minye hapa."

Nikamtazama yaya, yaya akatazama pembeni. Nikayahamishia nyuma ya pickup, huku nasema maneno ambayo mchungaji asingeyapenda. Trela likatulia. Wadau, uzito mkiuhamisha mtaona tofauti papo hapo.

Tukapita Luberizi. Nikaanza kuimba.

Mbele, pale tulipopita asubuhi pakiwa peupe, sasa kuna kamba, na askari. Wa upande gani, msiniulize, siku zile hata wao walikuwa wanaulizana.

Mkubwa wao akaizunguka Land Cruiser. Akaangalia tope, taa iliyokosekana, mlango. Nikajikaza nionekane fukara. Halafu akamwambia mzee Kalume: "Kanyaga mafuta."

Akakanyaga.

Yule askari akafumba macho akasikiliza, kama mtu anayesikiliza kwaya. Akasema, "Uso mulichafua. Sauti mulisahau."

Ikawa basi. Shusheni watu na mizigo, fungueni trela, dereva abaki. Mzee Kalume alivuta pumzi kwanza, akaniambia, "Endeleeni, nitarudi." Alirudi kweli siku ya nne na Land Cruiser yenyewe, tangi tupu, hataki kuulizwa kitu. Lakini pale nilijua nimemuua mzee wa watu.

Askari mmoja akachoma gunia la Mama Yosefina kwa kisu. Zikamwagika pumba.

"Nini hii?"

"Ya kuku," akasema mama.

Akalipiga teke, likabiringika upande mmoja, akaachana nalo. Nikabaki nashangaa. Kwangu mchele, kwa askari ya kuku. Nikajisemea huyu mama amechanganyikiwa na msiba, na minye nimechanganyikiwa pamoja naye.

Wakaondoka na pickup. Tukabaki barabarani na trela limeinamisha pua chini, Corolla juu yake, watu kumi na kitu, na jua limeshapita katikati. Vijana wawili wa baiskeli walikuwa wametuona, wakageuza kuelekea Bwegera. Habari ilikuwa inapelekwa.

Yaya alikaa chini. Akasema, "Imelala njiani." Maneno hayo tu.

Niliumia, wakuu. Si kwa ajili ya gari. Nilijiuliza kama ningemsikiliza mke wangu ingekuwaje. Halafu nikakumbuka mto. Halafu nikasahau nilikuwa naanzia wapi.

Mama Yosefina akanigusa bega. "Mwanangu, iko na kisu?"

Nikampa. Akapasua gunia la kwanza, kisha la pili, anafukua pumba kwa mikono.

Magurudumu. Mawili humu, mawili humu. Na matairi yake, na upepo wake.

Abiria wakasogea kuona. Mama akafungua fundo la pembeni ya kikwembe chake, pale wanawake wanapofunga pesa, akanimwagia nati mkononi. Zilikuwa kumi na tano. "Moja ilipotea," akasema, kama anaomba msamaha.

Yaya akauliza kwa sauti ndogo sana, "Mama, ulijua?"

"Amani alinipa mwenyewe. Akasema nisimupe muntu mwingine, ni Noela tu. Ningetoa pale nyumbani, wale watoto wangu wangeyafunga wao, waondoke na gari."

Na minye gunia moja nilitaka kuliacha barabarani. Nilikuwa na hesabu.

Wale abiria niliowanung'unikia ndio walioinyanyua Corolla kwa mikono, nikafunga nati kwa spana za mfuko wangu. Trela tulilisukumia kwenye lupango la mtu wa karibu. Gari haikuwa na petroli wala betri, kwa hiyo tukasukuma. Nikamwambia yaya ashuke nishike usukani, maana hajawahi kuendesha maishani.

"Nimekaa siti ya pembeni miaka tisa," akasema. "Sukuma."

Tukasukuma hadi Sange. Pale sokoni, juu ya kamteremko kake, nani amepaki? Bâchée ya Tonton, na mihogo yake. Ile niliyoidharau. Akatufunga kamba.

Mtoni tuliteremka wote, tukaisukuma bâchée pamoja na Corolla, maji kiunoni, Mama Yosefina peke yake amebaki ndani ya Corolla kwa amri ya yaya. Kuna barrière nyingine Kiliba. Askari walitutazama, wakacheka, wakainua kamba. Hawakuomba hata sigara.

Tuliingia Uvira jua bado halijazama ng'ambo ya milima. Niliwaita majirani wa Rugenge waje waione, makusudi kabisa, nami niwe na majirani wangu walioona.

Siku ya kumaliza matanga nilikwenda. Yule shemeji mkubwa alisimama akasema gari ililala njiani, watu wa baiskeli waliiona.

Mama Yosefina hakusimama. Alikuwa anapepeta mchele, wa kweli safari hii. Akasema, "Nilikuwa ndani yake. Haikulala." Akaendelea kupepeta, na hakuna mtu aliyegusa tena neno hilo.

Sasa ndugu mwuliza swali, pole kwa kukuzungusha. Land Cruiser ilikuwa sahihi hadi pale barrière. Bâchée isingevuta lile trela hata kwa maombi, lakini ndiyo iliyotufikisha. Chagua nzito, yenye breki, springi ngumu nyuma, mzigo mbele ya ekseli. Hayo nayajua. Zaidi ya hapo bado nimechanganyikiwa.

Yaya aliendesha ile Corolla mwenyewe miaka mingi. Siti ya mbele hakuna abiria aliyeikalia bila Mama Yosefina kuulizwa kwanza kama anaitaka, mpaka siku alipozikwa. Siku hiyo yaya aliiacha tupu, akaendesha hadi Bwegera peke yake.

Ile nati ya kumi na sita sikuwahi kumtafutia. Kila nilipotaka, alikataa.

Haya wakuu, mnaojua kuvuta, mngechukua ipi? Semeni, na mnaotaka kunicheka kwa lile gunia mcheke, nimeshazoea.