Nikifumba Macho Simwoni Mama

Enzi zetu pale Kiwanjani, mbuzi hawakuhesabiwa. Kuhesabu mifugo kulikuwa kujitakia msiba. Jioni baba alisimama mlangoni mwa boma, mbuzi wakipita kwenye vumbi, halafu akatuuliza, "Nani hayupo?" Kaka yangu Guyo alifumba macho kidogo akajibu, "Yule mwekundu wa sikio lililokatwa." Alikuwa akiwaona kichwani, mmoja mmoja. Mimi nikifumba macho ni giza tupu, tangu utoto mpaka leo.

Basi nikajitafutia njia. Nilishika ukoo wa kila mbuzi, mtoto wa nani, dada wa nani, nani alizaliwa wakati wa ukame. Wakipita niliwataja kimoyomoyo, na jina likikosa mwenyewe, huyo ndiye aliyepotea. Siku moja Guyo aliapa wametimia. Nikasema, "Mbuzi binti wa Dima hayupo."

"Huyu hata rangi ya mbuzi mwenyewe haijui!" Guyo akacheka.

Tulimkuta korongoni, amezaa. Baba akamwambia Guyo, "Mwache mwenzako. Macho yake yako mdomoni."

Shuleni hawakuwa na huruma hiyo. Mwalimu alituambia tufumbe macho tuone mto kabla ya kuandika insha. Nikanyoosha mkono, "Mwalimu, mimi sioni." Nikala viboko viwili vya utundu, na sikuuona mto.

Mwezi uliopita tulimzika mama. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa mkekani na wanawake wa mtaa, chai ya maziwa ya ngamia ikizunguka, shangazi akaniambia, "Ukifumba macho, si unamwona amekaa pale na kibuyu chake?"

"Hapana, shangazi. Sioni kitu."

"Hata uso?"

"Hata uso."

"Kaburi halijakauka na umeshamsahau mama yako!"

Wanawake wote wakanigeukia. Ningeweza kusema namwona, yakaisha. Lakini mama sikuwahi kumdanganya akiwa hai, sembuse kwenye matanga yake.

Nikawaambia ninachokijua. Alikohoa mara mbili kabla ya kukataa jambo. Alipotembea, akala yake ya tairi, ya mguu wa kushoto, iliburuta, tukajua amefika kabla hajabisha. Kiganja chake kilikwaruza shingo yangu akinisuka. Nguo zake zilinuka moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Nikimwendea nikilia alisema, "Kula kwanza, utalia ukishiba." Nilisema mpaka sauti ikakatika.

Shangazi hakuniomba msamaha. Alijifunika uso kwa leso akasema, "Endelea, mwanangu."

Siku hizi wajukuu wana nyanya yao ndani ya simu, picha mamia kwa mamia, anacheka, anakula, anasinzia. Juzi simu ya mmoja ilitumbukia kwenye karai la nguo, akapiga kelele kwamba nyanya amepotea. Nikamuuliza nyanya yake alikuwa akikohoa vipi. Akanikodolea macho. Simlaumu. Sisi hatukuwa na picha hata moja ya mama akiwa kijana, ilibidi tumsikilize.

Natamani, sisemi uongo, ningeuona uso ule hata mara moja. Siuoni, wala sitauona. Lakini mama ni wangu, na asitokee mtu wa kunipimia uchungu wangu kwa macho.