Bega la Mcuba

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa muhogo hadi Pasaka, mahindi yameozea shambani kwa mvua, likolo la majani ya maboga ndiyo mboga mchana na jioni. Ndipo Mcuba alipopanga chumba uani kwangu, Matogoro. Aliyemleta ni mjukuu wangu. Huyo ni mwalimu wa michezo, wa kwanza ukoo mzima kushika chaki, na mimi darasa la pili sikulimaliza; acheni nijisifu. Mcuba alikuja kuwafundisha wanafunzi wake besiboli: mmoja anarusha kimpira kigumu kama jiwe, mwenzake anakipiga kwa rungu. Kwao alikuwa mrushaji zaidi ya miaka ishirini, analipwa kwa kurusha tu, nchi hadi nchi.

Mimi kazi yangu kukanda. Walioteguka, waliojifungua, wote wanakuja. Siku moja akaja yeye, kashika bega la kulia.

"Shikamoo, Bibi. Bega moto."

"Marahaba. Vua shati, baba."

Nikapasha mafuta ya nyonyo, nikaweka vidole. Jamani! Nimekanda wabeba magunia, nimekanda wapasua mbao, sijakuta vile. Mfupa unacheza kama jino la mtoto. Makovu mawili ya kisu cha daktari. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: hili la ujanani, kocha alisema rusha tu. Hili la ukubwani. Na hapa katikati, pagumu kama fundo la mti, ni mwaka mama yake alipozikwa, yeye yuko nchi ya watu anarusha.

Nikakanda mpaka akasinzia. Kwetu mtu akishakandwa, kiungo hakifanyi kazi siku saba; hata chakula analishwa. Kila mtu hapa anajua, ndiyo maana sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu.

Asubuhi akaamka hana maumivu, akadhani amepona. Akaenda uwanjani akarusha kwa nguvu zake za zamani, bega likachomoka. Wanafunzi wakamrudisha kwa bodaboda kutoka hospitali, mkono umefungwa kitambaa, vidole vyeupe, baridi kama vya maiti. Daktari kasema tusubiri. Nimemlemaza mgeni wa watu! Huko kwao watauliza nani alimgusa. Pikipiki ikisimama barabarani, nakimbilia jikoni najificha, mtu mzima mimi.

Siku ya nne kidole gumba kikacheza. Nikakaa chini nikalia.

Mahindi mapya yalipokomaa, mkono ulishaweza kushika kikombe. Akaja tena. Jumamosi wanafunzi wa mjukuu wangu wanacheza na wenzao wa Mpitimbi.

"Bibi, kanda kidogo. Mpira mmoja tu. Wa mwisho."

"Mmoja huo huo ndio uliotaka kuniua kwa presha."

"Bibi, mimi mrushaji."

"Ulikuwa. Sikukandi, hata ukilia."

Akacheka. Akavua shati, akakaa kwenye kigoda, akanigeuzia lile bega na makovu yake. Mjukuu wangu kasimama mlangoni, ananitazama. Chupa ya nyonyo ninayo mkononi, na vidole vyangu, vimezoea kazi, vimeshaanza kufungua kifuniko. Nikaviogopa. Nikamwaga mafuta yote kwenye majivu.

"Bibi..." akaita Mcuba.

"Sikukandi, hata ukilia."